Chumba cha Mama Mkwe

Simu ilipoingia kituoni asubuhi ile, Koplo Zachariah Ochoki aliisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaikata, kisha akaketi kumalizia chai yake. Naam, chai. Aliyepiga alikuwa mwalimu mmoja wa huko juu kwenye mashamba ya majani chai, na habari yake ilikuwa kwamba vijana wameizingira nyumba ya mjane aitwaye Edinah wakiwa na jerikani ya petroli. Wanasema ni mchawi, na polisi wakichelewa watakuta majivu. Sasa sikia: huyo Edinah ndiye aliyemzaa Phanice, na Phanice ndiye mke wa huyu huyu koplo aliyekuwa akipuliza chai ipoe.

Ochoki hakuwa mtu wa hapo Nyansiongo. Kwao ni Tabaka, ambako baba yake alichonga mawe maisha yake yote, akaletwa huku na kazi ya polisi, na kazi ikamkutanisha na mke. Alikuwa shemasi kanisani. Sabato hata Sabato alisimama mbele akawaambia waumini kwamba mchawi hana nguvu juu ya mtu aliyebatizwa, tena akasema kwa sauti ya kupasua mabati. Akirudi nyumbani, kabla hajavuka kizingiti, alikikagua kwanza kama kuna kitu kimefukiwa. Ndivyo alivyokuwa, na wenzake wengi walikuwa hivyo hivyo, ila wao hawakupewa bunduki ya serikali.

Alikuwa na sababu yake. Mwaka uliotangulia, mtoto wao wa kwanza, Sheila, alishikwa na homa. Alfajiri moja Ochoki akitoka zamu alimkuta mama mkwe nyuma ya nyumba, amepiga magoti chini ya dirisha la chumba cha kulala, kiganja ukutani, kichwa kimeegemea mabati, midomo ikicheza. Alipomwona mkwewe akajifunika uso kwa leso, akapenya kwenye ua wa michongoma akaondoka bila salamu wala neno. Wiki haikuisha, Sheila akazikwa. Tangu siku hiyo Ochoki hakuhitaji kuambiwa na mtu nani amemla mwanawe. Hakumwambia hata Phanice, lakini kila sahani ya chakula iliyotoka kwa mama mkwe aliimwaga kwa siri.

Basi alipokuwa akinywa chai ile, moyoni alikuwa akiwaza jambo ambalo polisi haruhusiwi kuliwaza. Acha waimalize kazi.

Konstebo Valentine, msichana wa Suneka aliyekuwa na miezi michache tu kituoni, alikuwa ameisikia simu. Mkuu wa kituo alikwenda mahakamani Nyamira, kwa hiyo amri ilikuwa ya koplo. Valentine alingoja amri, amri haikuja. Akaulizia ufunguo wa gari, akaambiwa mafuta ni kidogo. Akauliza kama waende kwa pikipiki, akaambiwa wamngoje mkuu. Mwanzoni alikuwa amehofia kwamba koplo angemkingia kifua mama mkwe wake na kupiga watu risasi. Sasa alimtazama akinywa chai, na kilichomwingia akilini kilimtisha zaidi.

"Afande," alisema, "yule si mama mkwe wako?"

"Ni yeye."

"Ningekuwa wewe ningekuwa nimeshafika."

Alitoa ufunguo kwenye msumari, akachukua bunduki yake akatoka nje, na mlio wa gari likiwashwa ukamwinua Ochoki kitini. Aliinuka kwa aibu, tuseme ukweli. Wema ulikuwa bado uko mbali.

Walikuta watu wamejaa uani, na sura nyingi Ochoki alizijua. Wengine walikuwa wa kanisa lake. Mbele yao alisimama Obadiah, jirani ya Edinah, mkulima wa ng'ombe wa maziwa, mtu mtulivu siku zote. Mwanawe Brandon, aliyekuwa likizoni kutoka chuoni, alikuwa ameamka siku hiyo mdomo umepinda upande mmoja na ulimi haufanyi kazi. Mtu akasema amemwona Edinah akipita kando ya ua wao kabla ya jua. Hayo yalitosha. Valentine aliuliza kijana yuko wapi, akajibiwa amelala nyumbani. Akauliza mbona hajapelekwa hospitali, wakamtazama kama mtu asiyejua anachosema.

Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa kwa waya kutoka nje, na petroli ilikuwa imeshamwagwa juu yake. Mle ndani mtu alikuwa akikohoa.

Obadiah alimvuta Ochoki pembeni akamsemesha kwa Ekegusii, taratibu, kama mtu anayemfariji mfiwa. Alimkumbusha kwamba Sheila walimzika pamoja, kwamba yeye Obadiah ndiye aliyeshika jembe.

"Wewe ni mkwe," akasema. "Chumba cha mama mkwe huingii. Kumgusa humgusi. Simama tu hapa, hakuna atakayekulaumu."

Na kweli, nani angemlaumu? Mila ya ensoni kila Mgusii anaijua: mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawashikani mikono, hawatazamani usoni, wala mmoja hatii mguu mahali mwenzake anapolala. Hata wazee wa kanisa wangemwelewa. Ochoki alisikia nafuu ikimshuka kifuani, tamu kabisa, akatamani kuketi kwenye nyasi.

Lakini kazi humzoeza mtu. Kwa miaka mingi koplo huyu alikuwa ameandika maelezo ya watu waliokamatwa baada ya mtu kuuawa na umati, na wote, wazee kwa vijana, walimwambia neno moja: mimi nilikuwa nimesimama tu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwamini. Aliwaandika, akawapa watie sahihi, akawafungia ndani, na jioni alikula ugali wake bila wasiwasi. Sasa neno lile lile lilikuwa likimngoja mdomoni mwake mwenyewe.

Bado aliamini kwamba bibi yule ni mchawi. Hilo lisipotee. Alimwamuru Valentine asimame mlangoni na asimruhusu kiumbe kupita, kisha akaufungua ule waya kwa mikono yake, petroli ikimlowesha mikono ya sare.

Sebuleni hakukuwa na mtu. Mwisho wa sebule palining'inia pazia la maua, na nyuma ya pazia ndicho chumba. Ochoki alisimama hapo miguu ikikataa. Alimwita mama mkwe atoke. Sauti ikajibu kwamba jiwe limempiga gotini, hawezi kusimama, amwite yule msichana. Msichana hakuweza kuuacha mlango hata kidogo, kwani nje kelele zilikuwa zimeanza kupanda na mtu alikuwa akiuliza kiberiti kiko na nani.

Ochoki alifumba macho akalivuka pazia. Aliogopa, tena aliogopa kama mtoto. Alipapasa kitanda mpaka akamfikia, naye bibi, alipoona ni mkwewe na hakuna njia nyingine, akajifunika leso kichwani mpaka kifuani. Akambeba hivyo, kafunikwa gubigubi. Alikuwa mwepesi mno. Alinuka moshi na maziwa. Ochoki alikuwa na hakika kwamba amemkumbatia aliyemuua mwanawe, na alihesabu kila pumzi akingoja mwili wake upooze.

Alipotokeza naye mlangoni, uwanja ulinyamaza. Bunduki ya Valentine haikuwa imewanyamazisha, wala amri yake. Mkwe amemkumbatia mama mkwe hadharani! Akina mama waligeuka wakaziba nyuso. Vijana waliokuwa na mawe waliangalia chini. Hata Obadiah aligeuza kichwa, na katika kugeuka kwake akarudi hatua, na wengine wakarudi naye, njia ikapatikana mpaka kwenye gari. Aibu ilifanya kazi ya askari kumi.

Ochoki aliendesha. Bibi alilazwa kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Valentine, uso bado umefunikwa. Walipofika barabara ya lami ndipo Ochoki akashindwa kujizuia. Hakumgeukia, wala hakumsemesha moja kwa moja.

"Valentine, muulize alikuwa akifanya nini chini ya dirisha langu mwaka jana."

Valentine aliuliza, ingawa bibi alikuwa amesikia vizuri. Kisha sauti ikatoka ndani ya leso, na ilimwendea Valentine peke yake, kama mila inavyotaka.

"Mwambie nilikuwa nasikiliza kifua cha mtoto. Mjukuu wangu anaumwa, na chumba ni cha mkwe, ningeingilia wapi? Nikaweka sikio ukutani, nikawa naomba. Aliponikuta nikajifunika, nikaondoka. Kwani yeye angefanyaje?"

Ochoki angefanya vile vile. Mwana yeyote wa Kigusii angefanya vile vile, na hilo alikuwa amelijua tangu utotoni.

"Mwambie pia," bibi akaendelea, "kile kifua kilikuwa kinapiga filimbi. Nilimtuma Phanice asubuhi ile ile, nikasema mtoto apelekwe hospitali leo. Akaniletea jibu kwamba mume wake amesema mama yake si daktari, wazee wa kanisa watakuja kuomba."

Valentine hakurudia maneno hayo. Hakukuwa na haja. Alitazama nje dirishani, kwenye mahindi. Mbele yake koplo alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na gari lilikuwa likizidi kupunguza mwendo mpaka malori yakaanza kulipita.

Alikumbuka. Phanice alikuwa amesimama jikoni, mtoto begani, akasema, "Mama anasema twende hospitali," na yeye alikuwa bado na picha ya lile dirisha machoni. Akamjibu kwamba mama yake si daktari, na chochote anachokitaka yule mama, sisi tutafanya kinyume chake. Alisema hivyo. Akaona ni busara.

Alisimamisha gari kando ya barabara, akampigia yule mwalimu, akamwambia amchukue Brandon ampeleke hospitali sasa hivi, hata kama Obadiah atakataa, na akikataa aambiwe koplo atakuja kumkamata. Halafu akaendesha kwa kasi njia yote iliyobaki.

Kwenye lango la hospitali hakukuwa na machela karibu. Muuguzi alisema wangoje kidogo. Ochoki hakutaka kungoja. Alizunguka akafungua mlango wa nyuma, akainama, akanyoosha mikono yote miwili, na safari hii hakufumba macho. Alitaka kumbeba. Alitaka kumbeba mpaka ndani kabisa, na njiani labda angepata la kumwambia.

Bibi aliiona ile mikono kupitia kitundu cha leso, akajisogeza mbali nayo.

"Mwambie hapa hakuna moto," akamwambia Valentine. "Nitangoja machela."