Kompyuta Zisizokumbuka

Gicheru alizipenda zile kompyuta ndogo kuliko alivyowajali wanafunzi wake, na hilo alikuja kulijutia. Zilitoshea kiganjani, zikitumia mfumo wa Linux, naye alizipanga kwenye ukumbi wa kanisa kule Wamagana. Kila stima ilipopotea, kadi za kumbukumbu ziliharibika na mashine zikakataa kuwaka. Wanafunzi, wakulima waliokuwa wakianza kujifunza kuandika programu, wakadhani wao ndio wameziua.

Basi akazifunga kadi zote zisiandikwe kitu. Ukizima mashine, inarudi ilivyokuwa mwanzo. Hakuna iliyokwama tena, akajisifu sana. Ila alisahau kutenga mahali pa kuhifadhi kazi za watu.

Watiri, mama wa makamo aliyefuga kuku, ndiye aliyegundua. Ijumaa kutwa alikuwa ameandika, kwa vidole viwili, programu ya kumkumbusha kugeuza mayai kwenye mashine ya kuangulia vifaranga. Jumatatu akawasha, hakuna kitu. Wenzake hawakugundua, kwani walikuwa bado kwenye mazoezi madogo wasiyohitaji kuyahifadhi.

"Ni mimi nilisahau kuseivu," alisema mbele ya darasa, akicheka kwa aibu. "Hii kichwa yangu imezeeka."

Gicheru alielewa papo hapo kwamba ni zile kadi alizozifunga. "Jaribu tena, mama," akasema. Darasa zima likacheka.

Watiri hakurudi. Gicheru alizirekebisha mashine zote, kazi za wanafunzi zikapata mahali pake, lakini kiti cha Watiri kilibaki kitupu. Mwishowe alimfuata nyumbani, akamkuta akifagia banda la kuku.

"Mama, uliseivu. Mimi ndiye nilifunga kadi. Na nilijua siku hiyo hiyo."

Watiri aliacha kufagia. "Ati ulijua? Ukaniacha nijiite mjinga?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa usiniambie mimi hapa kwa kuku. Enda uambie wale walicheka."

Siku ya darasa akawaambia, Watiri akiwa ameketi nyuma kabisa. Safari hii hakuna aliyecheka. Watiri akawasha mashine, akaanza mstari wa kwanza. Gicheru alipomsogelea, mama aliinua mkono bila kugeuka.

"Wacha kwanza, mwalimu. Nikikutaka nitakuita."

Hakumwita siku hiyo, wala darasa lililofuata.