Uhamisho wa Koplo Panya

Kidega, mwanafunzi wa bweni aliyekuwa nyumbani kwa likizo, aliamka kabla ya mtu mwingine yeyote kwa ajili ya kazi nyeti ya utumishi wa umma. Kazi yenyewe ilikuwa kumhamisha panya.

Katika nyumba za polisi za Naguru, uhamisho si jambo la mzaha. Leo baba wa mtu anaitwa ofisini, kesho godoro liko juu ya lori kuelekea Moroto ya mbali. Kwa hiyo Kidega alifuata taratibu zote. Alichuchumaa nyuma ya jiko la mama yake, mbele ya kizimba cha bati walichoachiwa na watafiti. Ndani yake panya mnene alimkodolea macho kama afisa aliyecheleweshewa chai.

"Koplo Panya," akasema kwa sauti ya chini, mgongo ameukaza, "kuanzia leo unahamishwa kutoka kwa Mama Kidega kwenda kwa Hajati Kaltumi. Tunathamini utumishi wako hapa. Hasa ule wa kwenye unga."

Akapiga saluti. Akakibeba kizimba hadi nyumba ya jirani, akakikutanisha mdomo kwa mdomo na kizimba kitupu cha Hajati, akainua vilango. Koplo hakubisha. Alivuka kwa adabu, kama mtu anayepandishwa cheo.

Watafiti hao, Daktari Nakhisa na watu wake, walikuwa wakitafuta panya na viroboto wao mtaani hapo, ili wajue ni maradhi gani yanaweza kumfikia mtu, au mbuzi aliyefungwa uani. Kila nyumba ilipewa kizimba chenye nambari yake. Jioni unatia dagaa, asubuhi wanakuja kukichukua. Na kila asubuhi kizimba cha Aol, mama yake Kidega, kilikuwa na mgeni, na cha Hajati kilikuwa kitupu. Hajati naye hakuwa mtu wa kuuficha utupu huo.

"Panya kwangu?" alizoea kusema bombani, bangili zikilia. "Atakula nini? Sakafu?"

Wanawake walicheka. Aol aliondoka na dumu lisilojaa.

Kidega aliyaona hayo, na kwa busara ya mtu anayesomeshwa kwa karo kubwa, aliamua kusawazisha mambo.

Daktari alipofika aliweka meza uani, mbele ya macho ya wote. Panya alilazwa kwa dawa ya usingizi, kisha msaidizi mmoja, Lakot, akamchana manyoya kwa mswaki juu ya beseni jeupe. Viroboto wakaanguka kama simsim nyeusi. Mswaki uliendelea, na simsim iliendelea.

"Huyu amejaa," daktari akasema. "Katoka nyumba gani?"

"Kwa Hajati Kaltumi," Lakot akajibu, akisoma nambari ya kizimba.

Mama Obita, jirani mwingine, akapiga makofi. "Banange, jamani! Kumbe sakafu ya Hajati ni tamu!"

Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Kidega alicheka kuliko wote.

Alichosahau ni kwamba katika kazi ile dawa ya viroboto huifuata nambari ya kizimba. Kabla ya adhuhuri vijana wa daktari wenye glavu walikuwa wametoa nje kila kitu cha Hajati: godoro lenye doa, mikeka aliyoisuka mwenyewe, sanduku, masufuria ya kukaangia sambusa, hata beseni la nguo ambazo mwanamke hazianiki mbele ya watu. Unga mweupe wa dawa ukanyunyizwa hadi chini ya kitanda. Hajati alisimama kando, kanga ameibana kifuani.

"Na hiyo sambusa ya Ijumaa," Mama Obita akauliza, "ilikuwa ya nyama gani?"

Safari hii Kidega alicheka kidogo tu.

Kesho yake Hajati alikaa langoni na sinia lake la sambusa za kuuza kama kawaida. Vijana wa boda ambao kila siku walinyakua sambusa wakiwa bado juu ya pikipiki walipita wakitazama mbele. Polisi wakapita. Mama Obita akapita, akavuka upande wa pili wa njia. Mwishowe Hajati akachukua sambusa moja akaila mwenyewe, polepole, ili watu waone kwamba inalika.

Kidega alikuwa ametumwa chumvi. Alijaribu kupita kama upepo.

"Kidega, mwanangu," Hajati akamwita. "Chukua moja. Wewe umesoma, huwezi kuogopa maneno ya watu."

Alichukua. Alitafuna akiwa amesimama mbele yake, huku yule mama akimtazama kwa shukrani. Sambusa ilikuwa tamu, na afadhali ingekuwa mbaya.

Nyumbani alimkuta mdogo wake Amony amekaa kwenye mkeka, akijikuna vifundo vya miguu. Vilikuwa vimejaa vipele vyekundu. Kidega aliweka chumvi chini akatoka mbio kumtafuta daktari.

"Daktari, kiroboto akimkosa panya wake, anakwenda wapi?"

"Kwa aliye karibu. Mbwa, mbuzi, mtoto anayelala chini. Ndiyo maana hatutaki kukosea nyumba. Tukikosea, dawa inalala peke yake na kiroboto analala na mtu."

Kidega akafungua mdomo atoe mzaha, ukakataa. Akasema yote, hata saluti.

Daktari Nakhisa hakucheka. "Amony nitamtazama sasa hivi, na nambari nitaisahihisha," akasema. "Lakini jina la Hajati si mimi niliyelichafua. Hilo nenda nalo mwenyewe."

Hajati alimsikiliza hadi mwisho bila kuinuka kwenye kigoda chake. Kidega alingoja kofi. Angelipenda.

"Na ulikula sambusa yangu," Hajati akasema.

"Ndiyo, Hajati."

"Mama yako anajua?"

"Bado."

"Mwambie kwanza. Asisikie kwa watu, kama nilivyosikia mimi. Kisha urudi hapa."

Aol alikuwa akikoroga uji. Aliposikia, alifunika chungu. "Nilikulalamikia mimi?" akauliza. "Nilikutuma?" Kidega akatikisa kichwa. Mama hakumgusa. Aliingia ndani akaanza kulikokota godoro yeye mwenyewe, kabla vijana wa glavu hawajafika kumtolea.

Kidega alirudi langoni. Hajati akampa sinia, akamsimamisha mahali ambapo hakuna anayeweza kupita bila kumwona.

Wa kwanza kutokea alikuwa Mama Obita. "Eh! Msomi! Siku hizi unauza sambusa?"

"Mama Obita, yule panya hakuwa wa Hajati. Alikuwa wetu. Mimi ndiye niliyemhamisha."

"Sikusikii, mtoto."

"Sema kwa sauti," Hajati akasema nyuma yake. "Waliponicheka hawakunong'ona."

Nyuma yao, uani, Aol alikuwa akitandaza mablanketi kwenye kamba, moja moja, mbele ya majirani waliokwisha kuanza kukusanyika. Kidega alijua kwamba sauti itakayofika kwa Mama Obita itafika pia kule. Akavuta pumzi.

"Panya alikuwa wetu!" akapaza sauti. "Wa nyumbani kwetu! Kwa Hajati hakuna panya!"

Aol hakugeuka. Mikono yake ilisimama juu ya kamba kidogo, kisha ikalinyoosha blanketi.

Mama Obita alimtazama Kidega, akamtazama Hajati, kisha akanyoosha mkono kwenye sinia. Kwa mbali vijana wa boda walikuwa wanakaribia, na Kidega akajiandaa kusema tena.