Lugha ya Kugombezea

Kiatu kimoja kiliwekwa sakafuni, tap, kisha cha pili, polepole zaidi. Mjukuu wangu ni muuguzi, na akitoka zamu kabla ya alfajiri huvua viatu mlangoni ili asiniamshe. Miaka mitatu sasa sijamwambia kwamba huwa niko macho.

Siku hiyo hakwenda kulala. Alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda changu.

"Mke mwenza, umeamka?" Ndivyo tunavyotaniana.

"Nimeamka. Nani kakuudhi?"

"Hebu nigombeze kwa lugha ya kwenu. Kama nimeingia na matope."

Nikamgombeza. Akapiga paja lake. "Ndiyo yenyewe!"

Wodini kwao, akanieleza, kuna mama wa kitanda cha saba aliyeletwa na jirani baada ya kupata kiharusi. Ndugu zake hawajulikani. Kiswahili chote kimemtoka, anasema maneno ambayo hakuna anayeyaelewa, na chakula kikija anausukuma mkono wa anayemlisha. Hiyo ilikuwa siku ya nne. Asubuhi ile daktari angeandika kwamba akili imemruka, ahamishiwe hospitali ya wagonjwa wa akili.

"Mimi nikamsikia kama wewe ukikasirika," mjukuu akasema. "Nikamjaribu kwa yale ninayoyajua."

"Unajua nini wewe?"

"Nawa miguu. Usikae mlangoni. Nitakufinya."

"Ukamwambia mgonjwa utamfinya?"

"Bibi, alicheka! Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akanishika mkono hataki kuniachia."

Ni mimi niliyeifungia lugha ile ndani. Mama yake huyu binti alichekwa shuleni kwa matamshi yake, akarudi analia, nikaapa kwamba watoto wa nyumba hii watasema Kiswahili tu. Nikatimiza. Ila nikipandwa na hasira, ilitoka yenyewe. Basi mjukuu wangu akaambulia makaripio matatu. Na mimi, tangu dada yangu afariki miaka sita iliyopita, sikuwa na wa kusema naye.

"Vaa viatu vyako," nikamwambia.

Njiani niliogopa. Nilijaribu salamu chini kwa chini, nikakwama katikati. Mjukuu alidhani nasali, akapunguza mwendo bila kuniuliza kitu.

Mama wa kitanda cha saba alikuwa mdogo wa umbo, kilemba chake kimefungwa vizuri kabisa. Nikajua ni mkono wa nani. Daktari alikwisha kufika na karatasi zake. Mjukuu akamwomba dakika tano.

"Tatu," akasema, kisha akanivutia kiti yeye mwenyewe.

Nikamsalimu mgonjwa kwa lugha yetu. Salamu ikatoka kombo. Alinitazama kwa muda mrefu, halafu akanisahihisha, kama mama anavyomsahihisha mtoto. Baada ya hapo hakunyamaza. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umelegea na maneno yakifukuzana, nami nikawa nayadaka ninayoweza.

"Anasemaje?" daktari akauliza.

"Anasema ninyi watu mna roho ngumu. Siku nne anawaomba meno yake."

"Meno?"

"Ya bandia. Yamo kwenye mkoba aliokuja nao, ndani ya kopo la majani ya chai. Anauliza, mnamletea mkate autafune na nini?"

Mjukuu akapiga magoti, akauvuta mkoba kutoka chini ya kitanda. Kopo lilikuwamo, na meno yalikuwamo, yamefungwa kwenye leso safi.

Daktari aliikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. Akaniuliza "pole" tunaisemaje. Nikamwambia, akamwinamia mgonjwa akaisema. Naye akasahihishwa.

Mama yule alikula mkate wote, polepole, huku nimemshikia kikombe. Aliniambia alidhani amebaki peke yake. Nikamwambia hata mimi nilidhani hivyo. Hapo sote wawili tukashughulika sana kuokota makombo juu ya shuka.

Nilipoinuka akanishika kanga.

"Kesho uje," akasema, kisha akamwelekezea mjukuu wangu kidole. "Na huyo mkali uje naye. Leo hajanigombeza hata kidogo."