CV ya Shangazi na Mwanamke wa Ghorofa ya Tatu

CV ya kwanza ya Shangazi ilikuwa na kila kitu isipokuwa kazi. Ilikuwa na urefu wake, uzito wake kabla ya kuugua na uzito wake baada ya kupona, majina ya babu zake mpaka yule ambaye hakuna aliyewahi kumwona, na picha aliyopigwa kwenye harusi ya watu, amevaa miwani ya jua, bega la bwana harusi likichungulia pembeni. Mwishoni alikuwa ameandika: Napenda amani, usafi na kusikiliza redio. Miaka yake yote ya kazi aliimaliza kwa mistari miwili. Hotelini, nilifua mashuka. Kiwandani, nilifua nguo.

Binti wa kaka yake aliisoma akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni, kijiko mdomoni. Binti huyu ameajiriwa na ofisi inayoyatafutia makampuni wafanyakazi. Kutwa nzima husoma CV za watu, mpaka imefika mahali akisalimiwa njiani anatafuta ukurasa wa pili.

"Shangazi," alisema, "hii ni CV au kaburi?"

"Kaburi kwa vipi?"

"Jina, mwaka wa kuanza, mwaka wa kumaliza. Hapa katikati hakuna mtu."

Shangazi alinuna, lakini hakuwa na nafasi ya kununa sana. Kiwanda kilikuwa kimefungwa, na tangu kifungwe alikuwa akilala kitanda kimoja na binti huyohuyo, ambaye akishapitiwa na usingizi miguu yake huingia uwanjani na kucheza mpira mpaka alfajiri. Sasa hospitali mpya ilikuwa inatafuta msimamizi wa chumba cha kufulia. Kazi hiyo ilikuwa na mshahara, na mshahara ungezaa chumba chenye mlango wake na kitanda kisicho na mchezaji.

"Haya, niandike nini?"

"Usiniambie ulipewa kazi gani. Kila dobi anafua, wanalijua hilo. Niambie, pale ulipokuwa, nini kilibadilika kwa sababu wewe ulikuwepo."

Shangazi alikuwa mtu wa majibu, hata kwa maswali ambayo hayakuulizwa, lakini hili lilimkwama kama kipande cha nyama kwenye jino. Alilala nalo, akapigwa teke, akaamka nalo. Kweli, kuna kilichobadilika? Au alipita kwenye dunia hii kama maji ya kusuuzia, yakamwagwa, basi? Asubuhi alivaa viatu vyake vya heshima akaenda kuuliza.

Alianzia kiwandani. Kiwanda kilikuwa kimefungwa lakini mlinzi hakuwa amefungwa; alikuwa bado kakaa getini akililinda gofu kwa bidii ileile.

"Mlinzi, nilipokuwa hapa, mimi nilibadilisha nini?"

Mlinzi aliweka redio chini. Alifikiri mpaka vivuli vikasogea.

"Chai," alisema.

"Chai?"

"Ulipokuja, ilianza kuisha mapema."

Shangazi alimshukuru, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Hotelini alikwenda kwa miguu mizito zaidi, maana kule alikuwa ameacha ugomvi. Enzi zake hoteli ilikuwa na ghorofa nne, na kila ghorofa ilikuwa na mwanamke wake: huyo anafagia vyumba, anatandika, anafua mashuka ya ghorofa yake kule chini na kuyaanika juu ya paa. Shangazi alikuwa wa ghorofa ya pili. Wa ghorofa ya tatu alikuwa mwanamke mmoja mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kuwahi paa. Ukipanda kuanua mashuka yako, unakuta kamba inakuchekea. Ya ghorofa ya kwanza yapo, ya nne yapo, ya Shangazi yamekwenda na upepo, na upepo wenyewe una miguu miwili. Walivyochukiana, hakuna aliyemwita mwenzake kwa jina. Mmoja alikuwa Ghorofa ya Pili, mwingine Ghorofa ya Tatu, utadhani ni jengo linajigombeza lenyewe.

Mashuka yote yalikuwa meupe, kwa hiyo ushahidi hakuna. Ndipo Shangazi alipochukua sindano akatia kishono kimoja cha uzi wa kijani ndani ya pindo la kila shuka lake, mahali pa kupapasa, si pa kuona. Tangu siku hiyo, akiibiwa anapanda juu, anafungua kabati la mwenzake, anapitisha kidole na kuchomoa lake moja baada ya jingine. Ghorofa ya Tatu anabaki kakodoa macho. Shangazi hakumwambia siri hiyo. Baadaye mwanamke yule aliacha kazi, akapotelea huko duniani, na Shangazi akaendelea kushona kwa mazoea tu.

Sasa kule chini alimkuta dobi kijana, mwanamke mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji. Shangazi alijitambulisha, wakasalimiana, akaomba ashike shuka. Alipitisha kidole kwenye pindo. Kishono kilikuwepo, cha bluu.

"Hiki ni cha nini, mwanangu?"

"Hicho? Bluu ni ghorofa ya kwanza, kijani ya pili, nyekundu ya tatu, njano ya nne. Bila hivyo mashuka yangepotea kila siku. Ni utaratibu wa hoteli."

"Nani aliuanzisha?"

"Wa tangu zamani, mama. Nasikia waliuleta wataalamu."

Shangazi alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Akamkumbuka yule msichana aliyerithi ghorofa yake, jinsi alivyomwuliza juu ya uzi ule, naye akamjibu kwa haraka huku anafunga mizigo yake. Kumbe jibu lilipanda ngazi na kushuka.

Jioni aliyasimulia yote. Binti alivunjika mbavu, kisha akaandika: Nilianzisha alama za nyuzi za kutambua mashuka, hoteli nzima inazitumia mpaka leo.

"Lakini ule ulikuwa ugomvi," Shangazi alisema. "Sikuanzisha kitu. Nilikuwa namwinda mtu."

"Alama zipo, hazipo?"

"Zipo."

"Mtu akipiga simu hotelini atazikuta, hatazikuta?"

"Atazikuta."

"Basi hatutii chumvi. Tunafuta vumbi tu."

Miwani ya jua ikaondoka, babu wakarudi makaburini, redio ikazimwa. Ukabaki ukurasa mmoja na kipande, na Shangazi alipousoma alitamani kumjua mwanamke aliyeandikwa humo. Wakafanya na mazoezi ya usaili, binti kakunja uso mezani kama bosi.

"Tueleze kwa ufupi wewe ni nani."

"Nilizaliwa siku ya mvua, mama akiwa—"

"Shangazi. Wameuliza kazi, hawajauliza ukoo."

Hospitali ikamwita.

Chumba cha usaili kilinukia rangi mpya. Nyuma ya meza walikaa watu watatu: mwenyekiti wa jopo, ambaye alikuwa mwanamume mpole wa ofisi ya utumishi mwenye kalamu mbili mfukoni; muuguzi mkuu, aliyekuwa akitazama saa; na msimamizi mkuu wa usafi, mwanamke mrefu aliyeinamia karatasi. Mwanamke huyo alipoinua uso, viatu vya heshima vya Shangazi vilirudi nyuma hatua moja.

Alikuwa Ghorofa ya Tatu. Nywele zimeingia mvi, shingo ni ileile.

"Karibu uketi, mama," alisema mwenyekiti.

Shangazi aliketi. Kichwani alikuwa tayari amerudi kwenye kitanda cha mpira wa miguu. Aliulizwa yeye ni nani, akajibu kwa ufupi zaidi kuliko alivyofundishwa. Aliulizwa kuhusu sabuni, madoa ya damu, wafanyakazi wagomvi. Alijibu. Ghorofa ya Tatu alikuwa ameweka kidole kwenye mstari mmoja wa CV na kidole hakihami.

"Mimi nina swali," alisema hatimaye. "Hapa umeandika alama za nyuzi. Zilikuwa wapi?"

"Ndani ya pindo. Kona ya chini, kushoto."

"Uzi gani?"

"Wa kijani."

Ghorofa ya Tatu aliegemea kiti. "Ndani ya pindo," alirudia, taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa funguo zake kwenye mfuko wake mwenyewe. "Mimi nilidhani unanusa. Kuna wakati nilidhani una dawa. Nimehama nyumba mara ngapi, nimezaa, nimezika, na bado nikitandika kitanda najiuliza, yule mwanamke alikuwa anajuaje?"

Mwenyekiti alitazama huku, akatazama kule. "Mnafahamiana?"

"Alikuwa ananiibia mashuka," Shangazi alisema. Neno lilimtoka kabla hajalishika mkia.

Muuguzi mkuu aliacha kutazama saa.

"Ni kweli," alisema Ghorofa ya Tatu, bila hata kukohoa.

Hapo Shangazi aliona kazi imekwisha kwenda na maji, na mtu ambaye hana cha kupoteza hupata nafasi ya kuuliza. Naye alikuwa na swali lake, la umri uleule.

"Dada, na mimi nikuulize. Kamba ile ilikuwa na mashuka ya ghorofa nne. Kwa nini yangu tu? Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea." Ghorofa ya Tatu aliwageukia wenzake, akaongea kama anayetoa taarifa ya mwezi. "Kulikuwa na mgeni kwangu, amepanga chumba mwaka mzima, mzee wa ngozi nyepesi kama ya kitunguu. Ukimtandikia shuka la kawaida, asubuhi ana mapele mwili mzima. Siku moja nilikosea kwenye kamba nikamtandikia la huyu. Akalala mpaka saa nne. Akaniambia, nipe yale tu. Nikayanusa, nikayapima kwa mkono, sikuona tofauti. Nikaja kumvizia kule chini. Wote tunasuuza mara moja. Yeye anamwaga maji, anajaza mengine, anasuuza tena. Kila shuka. Hata siku ambazo maji tunayabeba kwa ndoo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ningepata wapi kisingizio cha kutofanya mwenyewe?"

Muuguzi mkuu aliinamia meza. "Ulikuwa unasuuza mara mbili kwa nini, mama?"

"Sabuni inaniwasha mikono," Shangazi alisema. "Nilidhani inawasha kila mtu."

"Hapa wodi ya watoto nina mapele ambayo madaktari hawajui yanatoka wapi," alisema muuguzi mkuu, na akageuza saa yake ikatazama chini.

Wakamwomba asubiri nje. Alisubiri kwenye benchi, akisikia sauti ndani bila maneno, mpaka mwenyekiti akachungulia na kumwambia aanze Jumatatu, miezi mitatu ya majaribio, na barua ataikuta mapokezi. Shangazi alisema asante mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ghorofa ya Tatu alitoka nyuma yake. Wakasimama ukutani, wanawake wawili wenye umri wa kukaa.

"Mkuu wako ni mimi," alisema. "Nakuambia mapema ufikirie."

"Kazi yako hasa ni nini hapa?"

"Nasaini. Kila shuka linalotoka, nasaini."

"Umepanda cheo kweli. Zamani ulikuwa unachukua bila kusaini."

Ghorofa ya Tatu alicheka, kicheko kirefu ambacho Shangazi hakuwahi kukisikia hotelini. Kisha akampeleka kwenye chumba cha kufulia. Mashine zilikuwa zimejipanga, kubwa kama matangi, kila moja na dirisha la kioo la duara. Shangazi hakuwahi kushika mashine ya namna hiyo, na hilo hawakumwuliza, naye hakulisema. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Ndani mashuka yalikuwa yanazunguka, yanapanda, yanaanguka.

"Hii inasuuza mara ngapi?"

"Sijui," alisema Ghorofa ya Tatu. "Sijawahi kuitazama mpaka mwisho."

Shangazi alivuta ndoo mbili, akazipindua. Wakaketi mbele ya kioo, wakaanza kuhesabu.