Mahali pa Kuzaliwa: Mutsamudu

Djaffar wa ofisi ya vizazi ya Mutsamudu alipomwona Bi Zouhoura anaingia mlangoni, alijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

"Inuka," Bi Zouhoura akamwambia. "Nilikufundisha hesabu miaka mitatu. Hata siku zile ulikuwa ukijificha chini ya dawati, na hata siku zile nilikuwa nakuona."

Djaffar akainuka taratibu, uso umemshuka.

"Mwalimu, shikamoo. Nilishakwambia jana."

"Jana uliniambia upuuzi. Leo nimekuja kusikia jibu."

Alichokitaka kilikuwa kitu kidogo mno: cheti cha kuzaliwa cha bintiye Soraya. Soraya alikuwa amehitimu udaktari Madagaska, na huu ulikuwa mwaka wake wa kwanza kazini, wodi ya wazazi, mjini Moroni. Sasa alikuwa anaomba nafasi ya kusomea ubingwa wa uzazi, miaka minne, Dakar. Dakar wenyewe hawakuwa na neno. Wao waliangalia alama, na alama za Soraya zilikuwa za kumfanya mtu asahau kula. Lakini maombi yote yalipitia ofisi moja Moroni, na ofisi hiyo ilidai cheti cha kuzaliwa kilichotolewa ndani ya miezi mitatu, kana kwamba binadamu huzaliwa upya kila msimu wa karafuu. Cheti cha zamani kilikuwapo, kimekunjwa vizuri, hakina hata doa. Hawakukitaka. Faili lilikuwa lifungwe Alhamisi saa sita mchana, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

"Kukiandika naweza hata sasa hivi," Djaffar akasema. "Tatizo ni muhuri."

Tangu Agosti ya mwaka juzi, wakubwa wa Nzuwani walipotangaza kwamba kisiwa chao kimejitenga na Moroni, mihuri nayo ilijitenga. Ule wa Jamhuri uliondolewa mezani. Ukaletwa mwingine, mpya, wa mpira mwekundu, wenye jina la dola ambayo hakuna aliyeitambua isipokuwa wale waliouchonga.

"Piga ule wa zamani," Bi Zouhoura akasema.

"Mwalimu, punguza sauti."

"Sauti yangu ni hii hii. Ukinipigia huu mpya, Moroni watakichana cheti."

"Nami nikipiga ule wa zamani," Djaffar akasema, akichungulia dirishani kwenye kichochoro, ambako vijana wawili wenye bunduki walikuwa wameegemea ukuta wakila mihogo ya kukaanga, "wale pale watanichana mimi. Na hata nikitaka, haupo. Waliuchukua."

Bi Zouhoura akamtazama. Kijana alikuwa anatoka jasho kwelikweli. Hasira zikampanda, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba hakuwa na wa kumshushia. Akasema, "Haya, piga huo uchafu wako," akachukua karatasi, akaenda kutafuta meli.

Angeweza kumpa msafiri yeyote karatasi ile ampelekee Soraya. Lakini alijua karatasi haina mdomo. Akalala sitahani kati ya magunia na mbuzi wa watu, akafika Moroni Jumatatu asubuhi, kiuno kimekufa ganzi.

Soraya alimpokea bandarini. Alikuwa amekonda. Kabla ya kumkumbatia mama yake alitazama kushoto na kulia, kisha akanong'ona, "Mama, vua shiromani."

Shiromani ni ile nguo nyekundu ambayo wanawake wa Nzuwani hujifunika kuanzia kichwani. Ngazija, kisiwa cha Moroni, hawaivai.

"Nivue nikae uchi bandarini?"

"Siku hizi watu wanatukanwa barabarani, Mama. Mimi mwenyewe dirisha langu limepigwa mawe mara mbili."

"Na nani?"

"Nitajuaje? Mawe hayaandikwi jina."

Bi Zouhoura hakuivua. Walikwenda nayo moja kwa moja ofisini, kwa Bwana Mouridi, mtu mwenye suti ya kijivu na adabu nyingi. Aliwaketisha. Aliuliza habari za safari, za bahari na za afya. Kisha akakishika kile cheti kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayetoa nywele kwenye mchuzi.

"Mama yangu, huu ni muhuri wa nchi gani? Mimi nchi hii siijui."

"Hata mimi siijui. Lakini ndio uliopo. Nipe njia nyingine."

"Njia ipo." Bwana Mouridi akaegemea mbele, sauti ikashuka ikawa ya kindugu. "Nendeni kwa kadhi wa hapa Moroni. Mseme binti hakuwahi kuandikishwa. Kadhi atatoa hukumu ya kuzaliwa, na hukumu ya kadhi inasimama badala ya cheti. Muhuri wake ni wa Jamhuri. Mwambieni tu kwamba alizaliwa hapa. Mtaa wa Magoudjou, kwa mfano. Si anakaa Magoudjou? Basi. Mambo yamekwisha."

"Binti yangu amezaliwa Mutsamudu, nyumbani kwa mama yangu, chumba cha mkono wa kulia ukipanda ngazi."

"Sikatai. Nakupa njia."

Njiani Bi Zouhoura alitema maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Soraya alimvuta mkono mpaka walipofika Magoudjou, kwenye chumba alichopanga kwa Bi Mariama, wakafunga mlango. Hapo naye akalipuka.

"Mama, sikiliza. Wiki iliyopita alikuja mwanamke wa Vouvouni, mtoto amekaa vibaya tumboni. Bingwa tunaye mmoja, na siku hiyo alikuwa safarini. Nilimpasua mimi. Mtoto nilimpata. Mama yake sikumpata. Ameacha watoto watatu, wanne na huyo. Mumewe alinishukuru, unasikia? Alinishukuru! Kwa hiyo kama wanataka nizaliwe Magoudjou, nitazaliwa Magoudjou. Wakitaka nizaliwe mwezini, niandikieni mwezini. Nipeni tu niende nikasome!"

Bi Zouhoura alikuwa mtu wa mambo yanayowezekana. Alikaa juu ya kitanda, akavua viatu, akasugua miguu.

"Haya," akasema. "Karatasi ni karatasi. Nani atashuhudia?"

"Mimi," Bi Mariama akajibu kutoka upande wa pili wa ukuta, maana kuta za Magoudjou hazina siri. Akaingia bila hodi, mwanamke mpana, mikono ina unga. Bi Mariama alikuwa mmoja wa wale walioletwa kwa ndege kutoka Mahajanga, Madagaska, baada ya mauaji ya watu wa visiwa kule, wale ambao Moroni wanaitwa Wasabena mpaka leo, kwa jina la shirika la ndege. "Mimi nitasema nilimpokea kwa mikono hii hii. Na mume wangu Nouroudine ataacha teksi yake saa moja aje kushuhudia. Kwani nini? Mimi mwenyewe tarehe yangu ya kuzaliwa alinibunia mtu mwenye kalamu, nikiwa nimesimama kwenye foleni uwanja wa ndege. Na sijafa."

Kwa desturi za huko, mtoto akizaliwa nyumbani, shahidi mkubwa ni mwanamke aliyempokea na kumkata kitovu. Huyo akisema, limesemwa. Mpango ukawa huo.

Kadhi Salimou aliwapokea Jumatano alasiri. Mzee mfupi, macho makali, mafua yamemkamata. Akafungua daftari, akapiga chafya, akamsogezea Bi Zouhoura msahafu.

"Weka mkono. Mtoto huyu ulimzaa mwaka gani?"

"Sabini na moja."

"Wapi, na nani aliyempokea?"

Bi Zouhoura akafungua mdomo. Maneno alikuwa nayo tangu juzi: Magoudjou, Bi Mariama. Mawili tu. Mtoto wa darasa la kwanza angeyashika. Lakini swali lilikuwa nani aliyempokea, na aliyempokea alikuwa mama yake mzazi, koko wa Soraya, aliyekesha siku mbili bila kula, akamkata mjukuu kitovu, akamwadhinia mwenyewe sikioni kwa sababu wanaume walikuwa wamechelewa. Mama huyo alikuwa amekufa. Hakuwa tena na mahali popote pa kutajwa duniani isipokuwa hapa.

Damu ikamwenda kichwani. Akamwona Mouridi na vidole vyake viwili. Akawaona wale wenye muhuri mwekundu. Wote hawa, hata mmoja hakuwapo siku ile.

"Mutsamudu," akasema, kwa sauti iliyowashtua hata waliokuwa ukumbini. "Alizaliwa Mutsamudu. Alipokewa na mama yangu. Na wallahi nimekuja hapa kukudanganya, Kadhi, na nimeshindwa."

"Mama!" Soraya akasema. Akaufunika uso kwa mikono.

Kadhi Salimou akapiga chafya tena, akajifuta.

"Afadhali," akasema. "Maana nilikuwa namngoja Mariama kwa hamu. Mariama, wewe si ulishuka na ndege za mwaka sabini na saba? Sasa ulimpokeaje mtoto Magoudjou mwaka sabini na moja? Ulinyoosha mikono kutoka Mahajanga?"

Nouroudine akacheka kwa pua, mkewe akamkanyaga mguu. Kati ya wote wanne, hakuna aliyepiga hesabu ile, hata mwalimu wa hesabu.

Soraya alikuwa amesimama kuondoka. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya hasira, na hakuyafuta.

"Kaa," Kadhi akamwambia. "Nani kakwambia nimemaliza? Kazi yangu ni kuandika ulikozaliwa, si kunakotakiwa uzaliwe. Mama kaapa. Sasa nataka watu wawili waniambie kinachojulikana na wote. Kinachojulikana na wote ni ushahidi. Mariama, huyu binti mtaani wanamwita nani?"

"Daktari."

"Na wasiompenda?"

Bi Mariama akatazama chini. "Wanamwita Mnzuwani. Wanapita chini ya dirisha wakipiga kelele, rudi kwenu Mutsamudu. Na mawe juu."

"Nouroudine, nawe umesikia?"

"Nimesikia. Mara mbili nimetoka na rungu."

"Basi mtaa mzima umeshuhudia." Kadhi akachovya kalamu, akaandika hukumu polepole, akaikausha, akaipiga muhuri wa Jamhuri, bluu, wazi, nyota zote nne zinahesabika. *Mahali pa kuzaliwa: Mutsamudu.* "Hii inasimama popote katika visiwa vyetu. Mwenye neno na aje kwangu, nimwambukize mafua."

Alhamisi saa tano na nusu walikuwa mbele ya meza ya Bwana Mouridi. Aliisoma hukumu. Aliusoma muhuri. Kidole kikashuka mpaka kwenye mstari wa mwisho, kikasimama pale.

"Mama yangu. Tulisemaje?"

"Ulisema muhuri wa Jamhuri. Huo hapo."

"Lakini hapa pameandikwa..."

"Pameandikwaje? Soma kwa sauti. Mimi miwani nimeisahau."

Bwana Mouridi hakusoma. Adabu ilianza kumtoka kama rangi ya nguo ya bei rahisi. "Faili hili lina matatizo. Kamati itauliza. Hali ya nchi mnaijua wenyewe. Tuseme mwakani, hali ikitulia..."

"Kwa hiyo umelikataa."

"Sijasema nimelikataa. Nasema halitapokelewa."

"Vizuri. Niandikie." Bi Zouhoura akavuta karatasi nyeupe kutoka kwenye rundo la Bwana Mouridi mwenyewe, akaiweka mbele yake. "Andika: *faili halikupokelewa kwa sababu mwombaji amezaliwa Mutsamudu.* Tia sahihi na tarehe."

"Siwezi kuandika hivyo."

"Kwa nini? Si ndiyo sababu?"

"Mama, unanitega."

"Serikali yako inasema kila siku kwamba Mutsamudu ni mji wa Jamhuri, na anayesema vinginevyo ni msaliti. Sivyo? Basi ama Mutsamudu ni Jamhuri, upokee faili, ama sio Jamhuri, uniandikie hapa, nami nitarudi nayo Nzuwani kwa meli ya kesho. Wale wenye bunduki wataifurahia sana. Wataibandika bandarini na jina lako chini. Watakuletea hata bendera."

Karani wa meza ya pembeni alikuwa ameacha kupiga taipu, vidole hewani. Soraya alisimama nyuma ya mama yake, koti la kazini bado mkononi, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakumwambia apunguze sauti.

"Mheshimiwa," akasema yeye, kwa utulivu uliokuwa mkali kuliko kelele za mamaye, "saa nane naingia zamu. Kuna wanawake kumi na mmoja wodini. Wengi wao wa hapa hapa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimezaliwa wapi kabla ya kusukuma. Andika, au pokea."

Bwana Mouridi alitazama saa ya ukutani. Alitazama ile karatasi nyeupe. Kisha akavuta daftari la mapokezi, akaandika jina, akaandika namba, akapiga muhuri kwa nguvu mpaka kikombe cha kahawa kikaruka.

"Risiti," Bi Zouhoura akasema.

Akampa.

"Sasa funga bahasha."

"Bahasha zinafungwa jioni, mama."

"Faili zinafungwa saa sita, bahasha zinafungwa jioni. Hiyo hesabu ya wapi? Funga yake sasa."

Alisimama pale mpaka karatasi zote kumi na nne zilipoingia, moja baada ya nyingine, yeye akizihesabu kwa sauti kama alivyohesabisha watoto wa watu miaka ishirini na sita. Mpaka gundi ikapakwa, jina la chuo cha Dakar likaandikwa, na muhuri ukapigwa juu ya mshono.

Nje jua lilikuwa limewaka. Soraya aliegemea ukuta.

"Jana, kwa kadhi," akasema, "nilitaka nikukane mbele za watu."

"Ungekuwa na haki. Nilikuahidi uongo, nikashindwa kuutoa."

"Na leo kama ungeshindwa je?"

"Sijui. Usiniulize." Bi Zouhoura akajifunika shiromani vizuri. Hasira haikuwa imemtoka hata kidogo. Ilikuwa imekaa kifuani kama mfupa. Watu watatu kushuhudia, bahari kuvukwa, marehemu kusumbuliwa kaburini, ili mtoto aliyezaliwa aandikwe kwamba kazaliwa. "Bahasha zinaondoka lini?"

"Kesho asubuhi. Gari la ofisi linazipeleka uwanja wa ndege."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili, nadhani. Mama, imefungwa, tuna risiti. Meli yako si ya kesho?"

"Meli itasubiri, na isiposubiri iende," Bi Zouhoura akasema, akianza kushuka ngazi. "Kesho saa moja na nusu nitakuwa hapa mlangoni. Nataka kuiona ikipanda gari."