Mchimbaji wa Kilomita ya Nne

Alhamisi jioni, mshonaji alisogeza sare za shule pembeni akatandaza ramani ya msitu juu ya meza ya cherehani. Pembe moja aliibana kwa mkasi, nyingine kwa kopo la vifungo. Wifi yake, karani wa posta, alivuta kiti. Mama mkwe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu ndani ya beseni la maji moto yenye chumvi, maana magoti hayakumpa raha tangu mvua zianze.

"Wameandika njia rahisi," wifi alisoma. "Kilomita sita, unazunguka unarudi ulipoanzia. Wanapita watu wa miguu, baiskeli na farasi. Inafaa kwa familia zenye watoto."

"Na wazee?"

"Wazee hawakutajwa, mama."

"Basi hawajakatazwa."

Walipanga kuondoka Jumamosi saa mbili asubuhi, kabla jua halijakolea. Maji chupa nne, viazi vya kuchemsha, mayai sita, kitambaa cha kukalia. Wangepumzika kwenye kila benchi. Mtoto wa mshonaji, wa miaka mitatu, angetembea hadi benchi la pili, kisha angebebwa kwa zamu.

Safari hiyo ilianzishwa na mwalimu mmoja aliyeleta suruali ipunguzwe. Alikuwa na desturi ya kuendesha baiskeli msituni kila Jumapili. Wakati mshonaji anampima, alisema, "Mumeo nimemwona. Kilomita ya nne, anachimba mfereji. Nilimsalimia, akaitika."

Mshonaji alitoa pini mdomoni. "Amekonda?"

"Kidogo. Ana buti moja."

Jibu hilo lilimtosha, kwa kuwa buti la pili ndilo walilozika.

Mumewe aliitwa Futi, kwa sababu alipima kila kitu kwa jicho na hakukosea. Miaka minne iliyopita alikuwa kibarua katika ujenzi wa njia hiyo. Mvua ilinyesha siku tatu, vibarua wakaomba kazi isimame, nyapara akasema siku ya kukata utepe haihamishwi. Ukingo wa udongo ukaporomoka. Walifukua siku moja na nusu, wakapata buti, kisha wakamwaga kokoto na kushindilia. Mshonaji alipokwenda ofisini akiwa na mimba ya miezi mitano, alioneshwa daftari la siku ile. Lilikuwa na majina kumi na moja, yote kwa wino mmoja, na la Futi halikuwemo. Aliambiwa kwamba mtu asiyekuwepo kazini hawezi kufia kazini.

Jumamosi ilikuwa na jua la wastani. Njia ilikuwa nzuri kweli, pana kiasi cha farasi wawili kupishana, haina dimbwi hata moja ingawa mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kengele za baiskeli zilipolia, wote wanne walisogea kushoto. Mama mkwe alihesabu mabenchi kwa sauti. Kwenye la tatu alikaa sana, akasugua magoti, akasema, "Twendeni. Nikikaa tena sitainuka."

Walimkuta baada ya nguzo ya kilomita ya nne. Alikuwa ndani ya mfereji hadi kiunoni, anatupa udongo upande wa juu, mgongo umelowa tope ambalo halikukauka.

"Shikamoo, mama," alisema bila kusimamisha koleo.

"Marahaba, mwanangu. Mbona hupumziki?"

"Bado hatujaachiwa."

Mshonaji alimsukuma mtoto mbele taratibu. Mtoto alitazama koleo, akatazama mguu mtupu, akasema shikamoo kama alivyofundishwa njiani. Futi aliitikia. Alimwangalia toka utosini hadi kwenye ndala.

"Futi tatu na inchi moja," alisema.

Wifi alikuwa amempima mlangoni asubuhi ile, na ndivyo ilivyokuwa.

Walimmenyea yai. Alilila kwa mkono mmoja, mwingine ukiendelea kuchimba. Mshonaji alimwambia atoke, waende nyumbani, maji ya kuoga yatachemshwa. Futi alitikisa kichwa. Jioni nyapara husoma majina, alieleza, na anayeitwa ndiye anayeacha koleo. Yeye alikuwa hajaitwa.

"Nikikuita mimi je?" Mshonaji aliita majina yake mawili, kwa sauti, hadi ndege wakaruka.

"Naam, mke wangu," alijibu, na koleo likashuka.

Nyapara wa siku ile sasa alikuwa meneja wa msitu. Ofisi yake ilikuwa kando ya lango, na aliwapokea vizuri, akamtafutia mama mkwe kiti chenye mto. Mshonaji alisema hakuja kudai chochote. Alitaka meneja atembee hadi kilomita ya nne na kuita jina moja.

"Namwona kila asubuhi nikikagua," meneja alisema. "Hana makuu. Tangu mwaka ule sijaajiri mtu wa mifereji."

"Basi mwite, baba. Ni neno tu."

Meneja alipanga kalamu zake mezani. "Dada yangu, nikimwita nitakuwa nimesema alikuwepo. Na daftari linasema hakuwepo. Unataka nilifanye daftari liwe la uongo?"

Mama mkwe alishika ukingo wa meza akajiinua.

"Kufa kufaana," alisema, akatangulia mlangoni.

Meneja aliwasindikiza hadi getini na kuwatakia safari njema.

Kuanzia hapo walikwenda kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mwaka wa pili magoti ya mama mkwe yalikataa kabisa, akawa anatuma salamu, na baadaye salamu nazo zikaisha, wakamzika karibu na buti. Futi aliambiwa habari hizo mfereji ukiwa umemfika kifuani. Alilia akichimba, kwa kuwa hakuwa na namna nyingine ya kulia. Njia ilisifiwa kuliko zote kwa usafi wa mifereji yake, na meneja alipandishwa cheo, akahamia makao makuu. Meneja mpya alikuwa mwungwana. Alikwenda mwenyewe kuita jina, mara tatu, lakini hakuwa nyapara wa siku ile, na haikusaidia. Akaweka kibao cha kuwaomba waendesha baiskeli wapunguze mwendo.

Mtoto alipofika miaka sita alijua kusoma. Jumamosi moja alisimama juu ya tuta, akafungua daftari lake la shule na kukaza sauti iwe nzito ya kiume. Alisoma majina kumi na moja aliyoyapata kwa mama yake, moja baada ya jingine. Kisha akaita la kumi na mbili.

Futi aliinua kichwa. Koleo lilisimama hewani, udongo ukidondoka kidogo kidogo.

"Umeita vizuri, mwanangu," Futi alisema. "Nyapara mwenyewe hajawahi kuita vizuri hivyo."

Akaendelea kuchimba.