Asilimia Mbili za Ketaki

Namba yao ilikuwa thelathini na saba, na hadi saa nne asubuhi mlango wa jopo la madaktari ulikuwa umefunguliwa mara saba tu. Sunanda Waghmare alikuwa ameketi sakafuni kwenye korido ya hospitali ya wilaya, mgongo ukutani, faili la vyeti kifuani. Bintiye Ketaki, mwenye miaka tisa, alisimama. Hakutaka gauni lijikunje.

Mama mtu alikuwa amempendezesha: misuko miwili, utepe mwekundu, viatu vyeupe vya shule vilivyong'arishwa. Ndani ya soksi ya kulia kulikuwa na kifaa cha plastiki kilichoshika kisigino na unyayo. Alipokuwa na miezi minane, Ketaki alipigwa sindano ya homa mahali pasipostahili katika zahanati ya mtaani, neva ikafa, na tangu hapo unyayo ukawa unaning'inia. Kila mwaka mguu unakua, na kila mwaka kifaa kipya.

Kifaa hicho kilinunuliwa kwa kodi ambayo Sunanda hakukatwa. Alikuwa mjane, karani katika chuo cha binafsi, na sheria ya kodi ya mapato ilimpa msamaha mwajiriwa mwenye mtoto mlemavu, mradi cheti cha serikali kionyeshe kwamba ulemavu umefika asilimia arobaini. Cheti cha zamani kilisema arobaini na tano, lakini kilikuwa cha miaka mitano tu, nayo ilikwisha Novemba. Serikali ilitaka kujua kama neva iliyokufa imefufuka. Bila cheti kipya, ofisi ingekata kodi ya mwaka mzima kwenye mshahara wa Februari na Machi. Kifaa cha sasa kilikuwa kimeanza kumchubua mtoto kisigino.

Waliitwa saa nane. Ndani kulikuwa na madaktari watatu na vikombe vitatu vya chai. Aliyeketi katikati, Daktari Nimbalkar, hakuinua macho kwenye karatasi.

"Tembea mpaka dirishani, urudi."

Ketaki alimtazama mama yake, akavuta pumzi, akaenda. Kwa miaka mitano Sunanda alikuwa amemfundisha kila jioni, kutoka jikoni hadi mlangoni: inua goti, tanguliza kisigino, usiburute. Alimfundisha kwa viboko vya maneno na kwa peremende, ili watoto wa mtaani wakose la kumwigiza. Sasa mtoto aliyatoa yote. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Alifika dirishani, akageuka bila kushika ukuta, akarudi akitabasamu.

"Vizuri sana," alisema Daktari Nimbalkar, akaandika. "Thelathini na nane."

Sunanda alidhani ni namba ya mtu anayefuata.

"Daktari, mara ya mwisho ilikuwa arobaini na tano."

"Amepata nafuu. Furahi, mama."

"Hajapata nafuu. Mvue kile kifaa umwone. Hivyo alivyotembea nimemfundisha mimi."

"Basi umefanya kazi nzuri." Daktari alivuta kikombe. "Wewe ni wa kwanza leo kugomba kwa sababu mtoto wake ni mzima. Anayefuata."

Nje, tarishi wa jopo, Gaikwad, alikuwa anawasubiri huku anatafuna tambuu. Aliikagua ile misuko na ule utepe.

"Dada, huyu umemleta harusini? Wenzako wanawabeba mgongoni watoto walio wazima kuliko huyu."

"Nilidhani wanapima mguu."

"Wanapima wanachokiona. Umekosa mbili tu. Nipe rupia elfu nane, hizo mbili nazirudisha leo hii hii."

"Ningekuwa na elfu nane ningekaa sakafuni tangu alfajiri?"

Gaikwad hakukasirika. Alimpa fomu ya rufaa bure, jambo ambalo Sunanda alikuja kulikumbuka kwa uchungu zaidi kuliko matusi. "Jumatano ijayo kuna jopo lingine. Mlete peku. Hicho kiplastiki kiache nyumbani. Na umwambie aache maringo."

Kwenye ngazi Ketaki aliuliza, "Nimepata ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Basi nimepita. Shuleni pasi ni thelathini na tano."

"Hapa pasi ni arobaini."

Hadi kituo cha basi mtoto alizitazama hatua zake. Alikuwa anatafuta alikokosea.

Sunanda alipitia naye chuoni, ofisi ya mishahara. Bwana Phadnis aliisoma ile karatasi, akairudisha kwa ncha ya kidole.

"Bibi Waghmare, kompyuta inataka arobaini. Thelathini na nane ni sawa na sifuri. Mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo."

"Mtoto mwenyewe huyu hapa, bwana. Mtazame."

"Mtoto haambatanishwi kwenye fomu."

Mezani kwake kulikuwa na faili nene la mwenyekiti wa chuo, mwenye shamba la miwa lenye bwawa la kuogelea. Kipato cha shamba hakitozwi kodi, na kila mwaka, kwenye karatasi, miwa ya mwenyekiti ilizaa kupita miwa yote ya wilaya. Alipohadithiwa yaliyotokea kwenye jopo, Phadnis alisema mwenyewe, akicheka kidogo, kwamba hakuna aliyewahi kumwambia mwenyekiti atembee mpaka dirishani. Sunanda alitamani kulishika lile faili na kumpiga nalo usoni. Alisema, "Ahsante, bwana," na kwa hilo hakujisamehe.

Jioni ile alimkalisha Ketaki chini, akamvua viatu, soksi na kifaa. Mama mkwe alikuwa pembeni anachambua dengu.

"Tembea mpaka mlangoni," Sunanda alisema. "Usiinue goti."

"Nitaburuta."

"Buruta."

"Lakini ulisema—"

"Nilisema. Sasa nasema buruta."

Ketaki alijaribu. Goti lilipanda lenyewe, kama lilivyozoea. Alirudi, akaanza tena, goti likapanda tena.

"Siku zote nilikwambia kilema ni kilema," alisema mama mkwe bila kuinua macho. "Ukanikasirikia."

"Tena," Sunanda alisema. Sauti ilikuwa ngeni hata kwake. "Legeza nyonga. Shika ukuta. Mdomo usitabasamu."

Mara ya kumi na kitu goti lilitii. Unyayo ulilala, vidole vikakwaruza saruji toka jikoni hadi mlangoni, kwa sauti ambayo Sunanda alitumia miaka mitano kuiondoa ndani ya nyumba ile. Ketaki aligeuka akiwa ameshika ukuta. Kidole kikubwa kilikuwa kimechunika, kikaacha mstari mwembamba wa damu sakafuni. Hakuutazama. Alimtazama mama yake usoni, kama alivyomtazama daktari.

"Mama, sasa nimefika arobaini?"

Sunanda aliuangalia ule mstari.

"Bado," alisema. "Rudia."